Gari Lililopanda Dungu

Mwanangu Somoe,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini ya kwako ninaijua. Sasa hivi umekwenda Kibiti na mama yako kutafuta kufuli la sanduku, na nimewasikia mkibishana kuanzia uani mpaka njiani, mmoja anataka kubwa, mwingine anataka dogo. Mimi nimebaki na mashine ya kukoboa. Wateja leo wachache, kwa hiyo nimekaa juu ya gunia la pumba, karatasi juu ya kibao, ninakuandikia. Nitaiacha juu ya sanduku lako. Isome leo kabla hujalala, maana mwishoni nimetia jambo la kesho asubuhi.

Usitegemee nikwambie habari za chandarua, za kula kwa wakati wala za kuchagua marafiki. Hayo mama yako amekwisha kuyasema, shangazi yako wa Umwe akayarudia, na nina hakika hawajamaliza. Mimi nakuandikia habari za gari. Utacheka, utasema gari unalijua kunishinda, na ni kweli. Lakini siku ile ruhusa yako ya kwenda Arusha ilipofungwa kwenye magurudumu ya gari lile, wewe ulikuwa ndani umeshika usukani, na sisi tulikuwa nje. Kuna mambo ya nje huyajui. Na kuna moja la ndani ambalo ulilifanya mwenyewe na mpaka leo hujui lilifanya kazi gani.

Nianzie mbali kidogo, univumilie.

Ulikuwa bado shule ya msingi nilipokwenda Bungu kutafuta mkanda wa mashine hii ninayoiegemea. Katika uwanja wa nyumba moja ya wageni nikaona turubai limeliwa na jua, na chini yake pua nyekundu imechomoza. Nikafunua. Milango miwili, pua ndefu, kiti cha dereva kimelala nyuma kama cha kinyozi, na taa zimefichwa ndani ya boneti, hazionekani mpaka uziwashe, ndipo zinafumbuka na kukutazama. Mlinzi akaniambia mwenyewe ni kijana wa Dar, alikuwa anakimbilia harusi Kilwa, injini ikachemka mpaka ikafa, akapanda basi, na tangu hapo hajarudi. Nililizunguka lile gari mpaka mlinzi akaanza kunishuku. Mkanda nikausahau. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na watu walikuwa wamepanga magunia yao hapa mlangoni wakinisubiri.

Mama yako aliniuliza, "La nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Gari lile halibebi gunia, halibebi hata mbuzi. Wenzangu wana bao, wengine wana njiwa, mimi moyo wangu uliangukia kwenye kile chuma. Nilimtafuta yule kijana mpaka nikampata, tukakubaliana kwa mchele, naye nadhani mpaka leo anawasimulia wenzake kwamba kuna mzee mmoja Rufiji alimpa mchele kwa takataka. Mwache asimulie.

Tulilivuta kwa pawatila kutoka Bungu, ile ya kulimia mpunga. Wewe ulikaa kwenye usukani kwa sababu ulikuwa mwepesi, na kila tulipopita kijiji ulitoa mkono dirishani ukawapungia watu kama waziri anayekuja kufungua zahanati. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilikuwa mbele juu ya pawatila, nasikia kicheko kinanifuata, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu siku ya harusi yangu. Ninakwambia hivyo waziwazi kwa sababu watu watakucheka na wewe, msichana na spana. Kucheka kwao hakuna dawa, ila mtu akishapenda kitu kikweli, kicheko kinakuwa mbali, unakisikia kama kelele za njiani tu.

Sasa ujinga wangu. Nataka uusikie kwangu kabla hujausikia kwa wengine.

Nilikuwa nimeona gereji Mbagala, mafundi wamechimba shimo, gari linasimama juu, fundi anaingia chini. Nikasema na mimi nina gari, basi na mimi nichimbe shimo. Hapa kwetu, mwanangu, pembeni mwa bonde! Nilichimba asubuhi nzima. Shimo likawa zuri, kingo zimenyooka. Nikaenda kuswali adhuhuri, niliporudi lilikuwa lina maji, na kabla ya alasiri chura alikuwa amekwisha kuhamia. Nikayachota, yakarudi. Nikayachota tena. Nilikuwa nashindana na Mto Rufiji kwa ndoo, na nilikuwa na kiburi cha kutosha kuamini nitashinda.

Mama yako alikuwa anapepeta mchele pale kibarazani. Akanitazama, akaweka ungo chini.

"Baba Somoe, kwani sie mpunga tunaulindia shimoni?"

"Unasema nini?"

"Nasema mpunga tunaulindia wapi?"

"Dunguni."

"Haya," akasema, akachukua ungo wake.

Basi hapo ndipo gereji yetu ilipozaliwa. Mimi mtoto wa Kindengereko, niliyekulia juu ya dungu nafukuza nguruwe na ndege, niliyezoea kuona nyumba nzima imesimama juu ya miti maji yakipita chini, nilikuwa nimekwenda kuazima akili Mbagala kwa watu wa ardhi kavu. Tulileta boriti za mikoko kutoka delta, zile nene za kujengea, tukazisimika, tukatandika magogo juu, tukaacha uwazi katikati, tukaweka mteremko wa kupandishia. Halafu mama yako akapika pilau, tukaita watu. Unakumbuka zile kamba? Upande mmoja wanaume, upande mmoja wanawake, na bibi mmoja wa jirani anaongoza wimbo wa kutwangia, kila kiitikio gari linapanda hatua. Lilipokaa juu sawasawa, watu wakashangilia utadhani tumemweka mbunge. Wewe ukapita chini yake umesimama wima, ukainua mkono, ukagusa injini. Fundi gani wa Mbagala anafanya kazi chini ya gari akiwa amesimama, upepo unampiga, anaona bonde lote mpaka mwisho?

Na mwaka ule maji yalipopanda mpaka yakaingia chumbani, tulihamia juu na vyombo vyetu, na mama yako akalala kwenye kiti cha dereva kile kinacholala nyuma. Aliposhuka maji yalipokwisha, alisema, "Leo ndiyo nimeona faida yake." Kuanzia siku ile hakuniuliza tena la nini.

Ujinga wa pili nadhani unaukumbuka kwa sababu ulilia. Mimi injini niliyoijua ni hii ya kukoboa. Hii ni ya dizeli, nzito, haina maringo. Ukiifunga nati unaikaza mpaka msuli wa shingo usimame, ndipo unajua imekaza. Nikachukua ubabe huohuo nikaupeleka kwenye injini ya gari la mbio, ambayo kichwa chake ni cha aluminiamu. Wewe ulikuwa umetazama kwenye simu, ukaniambia, "Baba, zina mpango. Unaanza za katikati, unakwenda nje, kidogo kidogo." Nikakwambia nimefunga injini kabla hujazaliwa. Nikakaza. Bolti ikakatikia ndani. Sauti yake nilikuwa naisikia hata nikiwa msikitini.

Ulilia, na mimi nikanuna, na nadhani tulikaa wiki nzima kila mtu anasalimia gari bila kumsalimia mwenzake. Halafu asubuhi moja nikakukuta umepanda juu na drili ya mkono, unaitoboa ile bolti iliyokatika, taratibu, unatoa unga wa chuma kwa pumzi. Nikakaa nikakushikia taa. Ilipotoka hukunitazama usoni ili nisione haya, ukajifanya unatafuta kitambaa. Adabu ile sikukufundisha mimi. Mimi ningetangaza kijiji kizima.

Na ile rangi, ya Idi. Nayo niliikosea kwa kupenda sifa. Gari lilikuwa halina hata plagi, lakini Idi inakaribia na wageni watakuja, nikataka ling'ae. Ukaniambia bodi bado ina unyevu na kutu haijasuguliwa ikaisha. Nikapaka. Siku ya Idi vijana walipanga foleni kupiga picha, mimi nimevaa kanzu mpya, nimeegemea mlango, nimekunja nne. Mvua za kwanza zilipopiga, rangi ikavimba, ikaachia, ikadondokea kwenye mboga za mama yako. Akasema, "Mkaidi hafaidi ila siku ya Idi, na wewe umefaidi hiyohiyo moja." Tulisugua upya mpaka chuma kikawa cheupe. Sikuoni ukifanya kosa hili, wewe hupendi kupigwa picha. Lakini utafanya kazi na watu wa namna yangu, na baadhi yao watakuwa wakubwa wako. Wakitaka kupaka juu ya kutu, wakumbushe mara moja kwa heshima, halafu tafuta msasa uwe nao karibu.

Na mambo tuliyoyapatia usiyasahau. Vijana wa Dar wakinunua magari ya namna hii wanayashusha, tumbo liburuze lami. Sisi tulilipandisha! Springi za pikapu, shokapu ndefu, na matairi yenye meno ya kushika mchanga wetu. Rejeta ya zamani, iliyoliua gari pale Bungu, tulikubaliana haitarudi. Tukatafuta kubwa zaidi, nayo ikagoma kuenea, wewe ukasogeza vishikio vyake vyote mpaka ikakaa kama imezaliwa pale. Breki za nyuma ulibadilisha zote peke yako nikiwa nimelala na homa. Nilisikia unapiga nyundo, nikajisemea nyumba hii ina fundi hata nikiwa nimelala. Homa ile niliifurahia.

Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza pale juu ya dungu, boriti zikatetemeka, kuku wakakimbia, na mama yako akatoka na mwiko mkononi anauliza kama ni tetemeko. Nilikubeba begani, mtu mzima kama wewe. Mgongo uliniuma sana, sikukwambia.

Ndipo ikaja barua ya chuo kutoka Arusha kwamba umekubaliwa kusomea ufundi wa magari. Na ndipo baba yako mkubwa, Kibwana, akaja.

Unamjua kaka yangu. Baba yetu alipofariki, yeye ndiye aliyesimama, na katika ukoo wetu safari ya mtoto haiendi bila neno lake. Alikaa kwenye mkeka, akanywa kahawa, akasema, "Mie gari silipingi. Mchezo wa mtu na bintiye, mchezeni hapahapa uani. Lakini mtoto wa kike akalale chini ya magari ugenini, miguu nje, wanaume wanapita? Hapana, mdogo wangu. Kama ni kusoma asomee ualimu, asomee uuguzi. Gari lenyewe halijawahi kutoka hata uani."

Nilitaka kujibu kwa hasira, na hasira zangu unazijua. Wewe ukanitangulia. Ulipiga goti, ukamwekea kashata, ukasema, "Baba mkubwa, likitoka?"

"Likitoka liende wapi?"

"Bungu. Pale lilipofia. Liende na lirudi."

Akacheka. Akasema, "Likifika Bungu likarudi bila kusukumwa, mie mwenyewe nakuombea dua ya safari. Lisiporudi, barua hiyo tunaifunga, tunakutafutia mume mwenye baiskeli."

"Sawa. Lakini na wewe upande, uone kwa macho yako."

Mwanangu, mimi sikulala. Wewe ulilala, nilichungulia nikakuona. Asubuhi tukalishusha kwa kamba zilezile, na kaka yangu akaja na kanzu yake ya Ijumaa, kofia, fimbo. Kumwingiza ndani ya lile gari ilikuwa kazi kuliko kulipandisha dungu. Kwanza akaingiza kichwa, akakwama. Akatoka, akaingiza mguu, akakwama. Mwisho tulimkunja, magoti yakafika kidevuni, fimbo ikatokea dirishani. Ukawasha, taa zikafumbuka, mkaondoka, vumbi likabaki.

Sasa haya ndiyo ya nje usiyoyajua.

Mlipotokomea, niliingia hapa kwenye mashine nikajifanya nafunga mkanda. Nilikuwa naufunga na kuufungua. Mama yako akaanza kupika, kisha akaacha, akaanza kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Shangazi yako alikuwa amefika kutoka Umwe na ngoma yake amefunga kwenye kanga, maana alisema hata mkishindwa haendi kwao bila kucheza. Adhuhuri ikapita. Nikahesabu moyoni: mchanga, lami, Bungu, kurudi. Mlitakiwa muwe mmefika. Alasiri ikaadhiniwa, hakuna kitu.

Akaja kijana wa bodaboda, akasimamisha pikipiki pale njiani. "Mzee, lile gari lenu nimelipita. Limesimama kando ya barabara, limefungua domo, na Mzee Kibwana amekaa chini ya mti."

Lilichemka, nikajua. Gari lilikuwa linafia barabara ileile kwa ugonjwa uleule, na safari hii lilikuwa linakufa na wewe. Niliona barua yako inafungwa. Nilikuona una miaka arobaini, unanishikia taa mimi, unakoboa mpunga wa watu, na una mikono ile ya fundi. Nilitaka kuchukua pawatila nije. Nilikwisha kushika hendeli. Mama yako akanishika kanzu.

"Unakwenda wapi?"

"Kuwavuta."

"Ukienda kuwavuta ndiyo umemfunga mwenyewe. Kaa."

"Mama Somoe, limekufa."

"Nani kakwambia? Umeambiwa limesimama. Hata mie nikichoka nasimama."

Nikakaa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama kukaa pale. Jua likaanza kuegemea. Watu waliokuja kuona wakaanza kuaga mmoja mmoja kwa huruma, wananipa mkono kama kwenye msiba.

Halafu shangazi yako akainua kidole. Yeye ana masikio ya paka. Mimi nilisikia baadaye, ile sauti ya chini, inakuja inakata, inakuja tena, kwenye mchanga haikupandisha wala haikushusha. Nikajua kwa sauti tu kwamba hakuna anayesukuma. Mlipochomoza pale kwenye minazi, taa zimefumbuliwa mchana kweupe, mama yako alipiga kigelegele ambacho hakukipiga hata mimi nilipomuoa, na nimemwambia. Walioaga wakarudi mbio. Shangazi yako akatupa kanga yake nyekundu juu ya boneti kama anavyofunikwa mwali siku ya kutolewa ndani, akapiga ngoma, wanawake wakazunguka gari, wanalituza, wanakutuza. Mimi nililia, Somoe. Uliniona, ukadhani ni vumbi. Haikuwa vumbi.

Kisha ngoma ikakatika na watu wakaligeukia gari, kwa sababu baba yako mkubwa alikuwa bado ndani. Tulimvuta, akatoka kwa vipande. Akasimama, akanyoosha kanzu, akaomba maji. Akanywa kikombe kizima, taratibu, na sisi sote tunatazama koo lake. Halafu akamgeukia mama yako.

"Mama Somoe, mtoto huyu ana sanduku la safari?"

Hivyo tu. Ngoma ikapasuka tena, nawe ukabebwa, na vile alivyoyaona yeye mle ndani ya gari hukuvisikia. Kwa hiyo ngoja nikwambie aliyonieleza mimi siku ya pili, tulipokuwa tunarudi msikitini.

Alisema mpaka Bungu alikuwa anasoma kila sura anayoijua. Mlipofika pale uwanjani mkageuza, akaanza kupata raha. Lami ikawa inateleza chini, upepo unaingia, akajiona kijana. Mbele yenu kulikuwa na lori la nazi linatambaa. Akakwambia, "Mpite huyo." Ukakataa. Akakwambia tena, kwa sauti ya ukubwa, "Nimesema mpite, gari linaweza!" Na wewe ukamjibu, "Linaweza, baba mkubwa. Lakini mbele ni mlima, sioni ng'ambo. Unisamehe, sitampita."

Akasema alinuna. Hajazoea kukataliwa. Mkapanda mlima nyuma ya lori, na kule juu, upande ule ambao mngekuwa mnalipitia lori, likatokea basi linashuka kwa kasi zake. Na wewe hukumgeukia kumwambia, "Umeona?"

Halafu kipimo cha joto kikaanza kupanda kwa sababu ya kulifuata lile lori kwa gia ndogo. Ukasimama mwenyewe, kabla hakijafika kwenye nyekundu. Akakusihi msogee tu, nyumbani ni karibu, watu wanangoja, na aibu. Akataka kumwaga maji ya chupa kwenye injini. Ukamshika mkono, ukamtandikia mtandio wako chini ya mti, ukasema, "Tupumzike, baba mkubwa. Lilikufa kwa sababu kijana wa watu alikuwa na haraka ya harusi."

"Hapo," kaka yangu akaniambia, "hapo ndipo mie nilipomruhusu. Gari hata lingebaki palepale ningemruhusu. Mtoto amenikataa mara mbili, mie mkubwa wa ukoo, na mara zote mbili hajanivunjia heshima, na mara zote mbili kanirudisha hai. Huyo nimwogopee Arusha kwa lipi?"

Nimekaa na maneno yale tangu siku ile. Wewe unaamini ulishinda kwa sababu gari lilifika. Kijiji kizima kinaamini hivyo, na shangazi yako ametunga wimbo kabisa. Lakini ulikuwa umekwisha kushinda chini ya mti, boneti iko wazi, na sisi huku tunapeana mikono ya rambirambi. Mimi maisha yangu yote nilijua njia mbili tu: kutii nikiwa na kinyongo, au kukataa kwa kelele. Nimevunja bolti nyingi kwa njia hizo mbili, na si za injini tu. Wewe una ya tatu, na sijui umeitoa wapi. Mama yako anasema kwake. Sibishi.

Sasa la kesho. Tutakwenda stendi Kibiti na gari lile, na utaendesha wewe. Mama yako atajibana kiti cha nyuma na sanduku, mimi nitakaa kwa abiria. Ukifika utashuka, utanipa ufunguo, utapanda basi lako. Nakuomba jambo moja tu, ukishakaa kwenye kiti usichungulie dirishani. Gari lile bado sijaweza kulirudisha nyuma vizuri, unanijua, na pale stendi pana watu wengi. Na nitakuwa nalia, mwanangu, kwa furaha na kwa hilo lingine. Kulia naweza, na kurudisha gari nyuma naweza kwa kubahatisha, lakini vyote viwili kwa pamoja, mbele yako, baba yako hawezi.

Allah akutangulie kila unapokanyaga.

Ni mimi, baba yako, nimekaa juu ya pumba. Nawasikia mnarudi, na bado mnabishana.